NUTRIC, NRS au utepe na maswali kwa ndugu? Kuchagua kipimo cha hatari ya lishe kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia

Faili la mgonjwa wa ICU hujaa haraka. Karatasi ya dawa, karatasi ya maji yanayoingia na yanayotoka, chati ya mashine ya kupumulia, zote zimejazwa saa baada ya saa. Ile ya lishe ndiyo hubaki nyeupe. Nilipoanza kazi nilidhani ni uvivu wa manesi. Siku niliyoketi kuijaza mwenyewe ndipo nilipoelewa: fomu ilikuwa inauliza mambo ambayo mtu mwenye mpira kooni hawezi kuyajibu. Je, umepungua uzito miezi mitatu iliyopita? Unamuuliza nani? Mgonjwa yuko kwenye dawa ya usingizi, kitanda hakina mizani, na ndugu wako nje ya geti wakisubiri saa ya kuona wagonjwa.

Kwa hiyo wodi nyingi hufika mahali pa kutaka kubadilisha fomu, na swali linalokuja ni lile lile: tuchukue NUTRIC, alama iliyotungwa kwa ajili ya ICU, au tubaki na NRS (NRS-2002), fomu ya Ulaya ya kuchunguza hatari ya lishe? Wengine hutaja MUST, fomu ya Uingereza, kwa sababu ni fupi, na madaktari wa zamani watakuambia wao humtazama tu mgonjwa na kuangalia albumini, protini ya damu. Nitaviweka vipimo hivi kimoja kando ya kingine. Lakini niseme msimamo wangu mapema ili usinisome ukisubiri mshindi: havijibu swali moja. Kimoja kinakuambia nani yuko karibu na kufa, kingine kinakuambia nani amekaa na njaa. Ukivichanganya, utamjaza chakula mtu ambaye tumbo lake halikitaki, na utamlisha kwa pupa mtu ambaye kulishwa kwa pupa ndiko kutakakomuua.

Wagonjwa watatu wa kutungwa

Nimewatunga hawa watatu, lakini yeyote aliyefanya kazi ICU ya hospitali ya rufaa atawatambua.

Wa kwanza ni kijana wa miaka 28, dereva wa bodaboda, ameumia kichwa. Alikuwa mzima kabisa, kilo 70, amekula chips mayai saa mbili kabla ya ajali. Ameletwa moja kwa moja, fahamu 7 kwenye kipimo cha Glasgow (3 hadi 15) kabla hajapewa dawa ya usingizi. APACHE II yake, alama ya ukali wa ugonjwa, ni 17; SOFA, alama ya viungo vinavyofeli, ni 7.

Wa pili ni mzee wa miaka 58. Ana saratani ya umio, ugonjwa tunaouona sana ukanda huu wa Afrika Mashariki. Miezi minne sasa ugali haupiti, miezi miwili ya mwisho ni uji mwepesi na chai. Alikuwa na kilo 64, sasa ni 50, urefu sentimita 170. Alilazwa wodi ya kawaida siku mbili, akapaliwa, nimonia ikamfikisha kwenye mashine. APACHE II ni 19, SOFA ni 5. Hana ugonjwa mwingine sugu unaojulikana.

Wa tatu ni bibi wa miaka 77, mnene, ana sukari na presha. Kibofu cha nyongo kimepata maambukizi, presha imeporomoka, anapewa dawa ya kuipandisha na dozi bado inaongezwa. Jana yake jioni alikula chakula chake kama kawaida. APACHE II ni 26, SOFA ni 11.

| | Kijana, 28 | Mzee, 58 | Bibi, 77 |
|---|---|---|---|
| NUTRIC (bila interleukini-6) | 2, hatari ndogo | 3, hatari ndogo | 7, hatari kubwa |
| NRS-2002 | 3, yuko hatarini | 6, hatari kubwa | 4, yuko hatarini |
| MUST | 0 au 2 | 4 au 6 | 0 au 2 |
| SGA (ukaguzi wa macho na mikono) | A, lishe nzuri | C, utapiamlo mkali | A |
| Hatari ya kulishwa ghafla baada ya njaa | hapana | ndiyo | hapana |

Mtazame mzee wa umio kwenye mstari wa kwanza. Amepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya mwili wake, mbavu zinahesabika, na NUTRIC inampa hatari ndogo. Bibi aliyekula vizuri jana ndiye amepata alama kubwa. Ukiwa na NUTRIC peke yake mkononi, umempita mtu mwenye njaa kuliko wote kwenye wodi.

NUTRIC inapima nini hasa

Ilitoka Kanada mwaka 2011, kazi ya Daren Heyland na wenzake, ikiwa kipimo cha kwanza cha lishe kilichotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa ICU pekee. Vipengele ni sita. Umri: chini ya miaka 50 ni 0, kuanzia 50 hadi chini ya 75 ni 1, 75 na kuendelea ni 2. APACHE II: chini ya 15 ni 0, 15 hadi 19 ni 1, 20 hadi 27 ni 2, 28 na zaidi ni 3. SOFA: chini ya 6 ni 0, 6 hadi 9 ni 1, 10 na zaidi ni 2. Magonjwa sugu mawili au zaidi, alama 1. Kukaa hospitali siku nzima au zaidi kabla ya kuingia ICU, alama 1. Cha sita ni interleukini-6, protini ya damu inayoonyesha jinsi mwili unavyowaka kwa ugonjwa, ambayo karibu hakuna maabara yetu inayoipima kila siku. Ndiyo maana toleo linalotumika ni lile lisilo nayo: alama 0 hadi 9, na kuanzia 5 ni hatari kubwa.

Soma tena orodha hiyo. Uzito haumo. Chakula alichokula wiki iliyopita hakimo. Watungaji walivijaribu vitu hivyo, ila havikuongeza kitu kwenye hesabu yao, na taarifa zenyewe mara nyingi zilikuwa pungufu. Tena umri unahesabiwa mara mbili, kwa sababu APACHE II nayo ina umri ndani yake, na figo na mapafu yanahesabiwa kwenye APACHE na kwenye SOFA vilevile. Kinachobaki ni kipimo kizuri cha ukali wa ugonjwa kilichovaa koti la lishe.

Sisemi hakina maana. Mgonjwa anayewaka sana kwa maambukizi huvunja misuli yake haraka hata kama alikuja akiwa amenona. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wagonjwa 63 mahututi kwa ultrasaundi ya paja: kufikia siku ya kumi, eneo la msuli lilikuwa limepungua kwa asilimia 17.7, na waliofeli viungo vingi ndio waliopoteza zaidi. Hoja ya NUTRIC ni kwamba hawa ndio wanaohitaji chakula mapema zaidi.

Hoja hiyo ilipopelekwa kwenye majaribio haikusimama vizuri. Jaribio la PermiT, la Saudi Arabia na Kanada, liliwagawa wagonjwa 894: wengine wakapewa kalori kidogo, wengine za kawaida. Baadaye watafiti waliwatenganisha kwa NUTRIC, wenye alama kubwa na wenye alama ndogo, wakaona kwamba kiasi cha kalori hakikuleta tofauti ya vifo katika kundi lolote. Mwaka 2023 Ufaransa ilitoa NUTRIREA-3, wagonjwa 3,044, wote kwenye mashine na wote wakipewa dawa za kupandisha presha, yaani watu kama bibi yetu. Waliopewa chakula kidogo sana wiki ya kwanza, kilokalori 6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku badala ya 25, hawakufa zaidi, na walikuwa tayari kutoka ICU mapema kuliko wenzao, na walitapika na kuharisha mara chache zaidi. Mwaka huo huo EFFORT, jaribio la protini nyingi, halikuonyesha faida, na kwa wenye figo zilizofeli ghafla na alama kubwa za SOFA protini nyingi ilielekea kudhuru. Kwa hiyo 7 ya bibi hainiambii nimwongezee chakula. Inaniambia ni mgonjwa sana, jambo ambalo bomba tatu za dawa pembeni ya kitanda zilishaniambia.

Upande wa vitendo, NUTRIC ina matatizo ambayo vitabu havitaji, na kwetu ndiyo makubwa. APACHE II inataka vitu 12 vya mwili, vibaya kuliko vyote ndani ya saa 24 za kwanza: joto, presha, mapigo, pumzi, oksijeni, pH ya damu ya ateri, sodiamu, potasiamu, kreatinini, hematokriti, chembe nyeupe na fahamu. Kipimo ambacho hakikufanyika huhesabiwa kuwa cha kawaida. Fikiria maana yake kwenye wodi ambayo kemikali za mashine ya gesi ya damu ziliisha wiki mbili zilizopita. Mgonjwa anapata alama ndogo kwa sababu maabara imekwama, wala si kwa sababu ni mzima. Magonjwa sugu nayo ni hivyo hivyo: presha ambayo haijawahi kupimwa kijijini inahesabiwa kama haipo.

Halafu kuna swali la siku kabla ya ICU. Mgonjwa kalala hospitali ya wilaya siku nne, ambulensi ikamleta kwetu usiku, akaingia ICU moja kwa moja. Mhesabuji akianza pale getini kwetu ataandika 0. Mimi naanzia kitanda cha kwanza alicholazwa, popote kilipokuwa, maana mwili wake haujui kwamba amebadilisha hospitali. Na kuhusu fahamu, chukua ile ya kabla ya dawa ya usingizi. Nimeona APACHE ya kijana aliyewekwa mashine kwa pumu ikiruka kwa sababu mtu aliandika Glasgow 3 ya mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa makusudi.

NRS-2002: swali sahihi, jibu lililobanwa

Hii ni ya Ulaya, ilichapishwa mwaka 2003 na Kondrup na wenzake baada ya kuchambua majaribio 128 ya kulisha wagonjwa. Asili hiyo naipenda, kwa sababu swali lao lilikuwa nani atafaidika akilishwa, wala si nani atakufa. Ina pande mbili. Upande wa lishe, 0 hadi 3: kupungua uzito, uwiano wa uzito na urefu, na kiasi cha chakula cha wiki iliyopita ukilinganisha na mahitaji. Upande wa ukali wa ugonjwa, 0 hadi 3. Miaka 70 na kuendelea huongeza 1. Ukifika 3, uko hatarini.

Kasoro yake ICU inaonekana mara moja: mgonjwa wa ICU mwenye APACHE II zaidi ya 10 anapewa 3 za ukali kabla hujamgusa. Karibu kila mtu kwenye mashine anavuka mstari akiwa bado mlangoni. Kipimo kinachosema ndiyo kwa wote hakijakusaidia kuchagua. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016, wa ASPEN na SCCM, vyama vya lishe na vya tiba ya wagonjwa mahututi, ulilikwepa hilo kwa kupandisha mstari: 5 na zaidi ndiyo hatari kubwa. Ukitumia 5, NRS inaanza kufanya kazi. Kijana 3, bibi 4, mzee 6. Na tofauti hiyo yote imeletwa na umri pamoja na upande wa lishe, na huo wa lishe ndio ambao NUTRIC haina.

Gharama yake ni kwamba lazima upate uzito wa zamani na habari za chakula. Hapo ndipo watu hukata tamaa, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kumuuliza ndugu

Ukimuuliza binti wa mgonjwa "Baba alikuwa anakula vizuri?" atakuambia ndiyo, sista, anakula. Hata kama baba hajameza kitu kigumu tangu Idi. Nadhani ni aibu: kusema baba hali ni kama kusema hapo nyumbani hawamhudumii. Kwa hiyo siulizi kama anakula vizuri. Nauliza, "Dada, juzi usiku mlikula nini? Yeye alichukua kiasi gani? Alimaliza?" Kisha, "Na ile sahani aliyokuwa akimaliza wakati wa mfungo, siku hizi anafika wapi?" Majibu yanakuja kwa mkono, anaonyesha kiganja: hapa. Nusu, robo, vijiko vitatu. Hizo ndizo asilimia za NRS, zimepimwa kwa sahani.

Kwa uzito, wachache wana namba. Kadi ya kliniki ya sukari au presha huwa nayo, na kadi ya kliniki ya dawa za kufubaza virusi pia, kila mwezi, kwa mwandiko wa nesi. Ziombe, mara nyingi zimo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho. Kama hakuna kadi, angalia suruali iliyovuliwa mapokezi. Mkanda wenye tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, sentimita kumi ndani ya lile la zamani, ni historia ya uzito iliyo wazi kuliko maelezo ya mtu. Picha za simu nazo: omba picha ya harusi ya mwisho aliyohudhuria, ilinganishe na uso ulio kitandani. Si kipimo cha kuandika kwenye jarida, lakini kinakutoa kwenye "haijulikani" kwenda kwenye "amepungua sana".

Mizani ya kitanda, kama mnayo, isikudanganye siku ya pili na ya tatu. Mgonjwa aliyemiminiwa lita sita za maji ana kilo sita ambazo si zake. Uzito wa kuandika ni wa kabla ya maji, hata kama ni wa kukadiria. Urefu unakadiriwa kwa mfupa wa mkono, kutoka kiwiko hadi kifundo, ukitumia jedwali. Kumbuka tu kwamba majedwali mengi yametengenezwa kwa vipimo vya Wazungu.

MUST, SGA na wengine, kwa kifupi

MUST ya Uingereza ni nzuri wodi ya kawaida na mbovu ICU. Uwiano wa uzito na urefu, kupungua uzito, basi. Halafu alama 2 kama mgonjwa ni mahututi na hajala au hatarajiwi kula kwa zaidi ya siku 5. Mgonjwa wa mpira wa kulishia wa puani anakula au hali? Manesi wawili watakupa majibu mawili, ndiyo maana jedwali langu lina "au". Kilicho kizuri ndani yake ni pendekezo la mzingo wa mkono: chini ya sentimita 23.5 katikati ya mkono wa juu, uwiano wa uzito na urefu huenda uko chini ya 20. Utepe huo ni rahisi, haudai mgonjwa azungumze. Usichukue ule wa rangi tatu wa watoto tu, mwisho wake ni mfupi na mistari yake ni ya umri mwingine. Na kama mkono umevimba kwa maji, andika kwamba umevimba.

SGA, ya Toronto, mwaka 1987, ni macho na mikono ya mtu aliyefundishwa: historia, mafuta chini ya ngozi, misuli ya mabega na mapaja, uvimbe, kisha A, B au C. Haina alama za kujumlisha. Mimi ndiyo ninayoiamini kuliko zote kwa mzee wa umio, kwa sababu mashimo ya juu ya mitulinga na misuli ya kipanda uso iliyozama havifichiki hata mtu akiwa na mpira kooni. Udhaifu wake ni kwamba inategemea nani anatazama, na inachukua mafunzo ya kweli, si semina ya nusu siku yenye soda. GLIM ya mwaka 2019 ni hatua inayofuata, ya kutaja utapiamlo kwa jina ukishaona hatari: kigezo kimoja cha mwili, kimoja cha chanzo. Kwa mgonjwa wa ICU cha chanzo kipo tayari, ugonjwa wenyewe, kwa hiyo unatafuta cha mwili tu.

Ultrasaundi ya misuli, mashine za umeme za kupima mwili, CT ya kiuno: kama mnavyo na mtu wa kuvitumia, vizuri. Sitawashauri kuvinunua kabla ya kununua mizani.

Albumini iondoeni kwenye fomu. Inashuka kwa sababu ini limebadilisha kazi wakati wa ugonjwa mkali na kwa sababu inavujia nje ya mishipa. Kijana wa bodaboda atakuwa na albumini ya chini siku ya tatu, na utapiamlo hana. Mtu aliyekaa na njaa nyumbani bila maambukizi anaweza kuwa nayo ya kawaida kwa muda mrefu.

Ulaya walisemaje

Mwongozo wa ESPEN, chama cha Ulaya cha lishe ya wagonjwa, wa mwaka 2019 ulikata mzizi wa fitina: kila mgonjwa mahututi atakayekaa ICU zaidi ya saa 48 ahesabiwe kuwa yuko kwenye hatari ya utapiamlo, na walikiri kwamba hakuna alama iliyothibitika vya kutosha kwa ICU. Kwa mgonjwa wa mashine, ambaye mara nyingi hupita saa 48, hii maana yake ni kwamba swali la kulisha au kutolisha limeshajibiwa. Mpira wa puani, anza ndani ya saa 48, kidogo kidogo, usipite asilimia 70 ya mahitaji siku za kwanza, panda baada ya siku ya tatu; protini polepole hadi gramu 1.3 kwa kilo. Presha ikiwa bado haijatulia, kama ya bibi, subiri.

Watu wengine huuchukua mwongozo huu kama ruhusa ya kutopima kabisa. Hapo tunaachana. Ukiwalisha wote kwa mpango mmoja, kijana na bibi watavumilia. Mzee hatavumilia.

Mwili uliokaa na njaa miezi miwili ukipewa ghafla kalori nyingi, insulini hupanda na kuvuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Fosfeti ikianguka, misuli ya pumzi inakosa nguvu, moyo unakosa mpangilio. Kwenye mashine hili linajificha vizuri ajabu: utaona tu mgonjwa anayeshindwa kuachishwa mashine, na kila mtu atalaumu mapafu. Vigezo vya NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, vya mwaka 2006 vinatosha, na ndivyo nilivyovitumia kwenye mstari wa mwisho wa jedwali. Kimoja tu kati ya hivi: uwiano wa uzito na urefu chini ya 16, kupungua zaidi ya asilimia 15 ndani ya miezi mitatu hadi sita, kutokula, au kula kidogo mno, zaidi ya siku 10, au potasiamu, fosfeti au magnesi kuwa chini kabla ya kuanza. Au viwili kati ya: uwiano chini ya 18.5, kupungua zaidi ya asilimia 10, kutokula zaidi ya siku 5, historia ya pombe au dawa kama insulini na za kukojoza. Mzee amepungua karibu asilimia 22 ndani ya miezi minne. Anaanza na kilokalori zisizozidi 10 kwa kilo, yaani 500 kwa siku, vitamini B1 kabla ya tone la kwanza, elektrolaiti zikifuatiliwa kila siku, na anapandishwa ndani ya siku nne hadi saba. Alama 3 ya NUTRIC ingemweka kwenye mpango wa kawaida wa wodi.

Basi uchague nini

Kama ICU yenu tayari inahesabu APACHE II na SOFA kwa kila mgonjwa, na vipimo vyote vinafanyika kweli, NUTRIC inawachukua dakika moja ya ziada. Iwekeni, hasa mkitaka kulinganisha wagonjwa wenu na wa tafiti za wengine. Isiwe ndiyo inayoamua nani apewe nini.

Kama hamhesabu APACHE, msianze kuihesabu kwa sababu ya lishe. Nimeona mtaalamu wa lishe akikimbizana na majibu ya maabara siku mbili ili ajumlishe alama, na siku hizo mbili mpira wa puani ulikuwa umening'inizwa wazi juu ya mfuko wa uchafu. Chukueni NRS-2002 kwa mstari wa 5, na upande wa lishe mujaze kwa mahojiano na ndugu.

Kama nesi mmoja ana mashine tatu na mtaalamu wa lishe hupita Jumanne na Alhamisi, achaneni na alama zote. Wote wa zaidi ya saa 48 wako hatarini, anzeni chakula. Nguvu iliyobaki iende kwenye vitu vitatu: utepe wa mkono siku ya kuingia, maswali ya sahani kwa ndugu, na vigezo vya NICE. Hizo ni dakika kumi. Fomu tuliyoishia nayo sisi ina nusu ukurasa, na mstari wake wa juu kabisa, kabla ya jina la ugonjwa, ni namba ya simu ya mtu anayekula na mgonjwa nyumbani. Si lazima awe yule aliyesaini ruhusa. Mara nyingi ni mke mdogo, mjukuu au msichana wa kazi, na hupatikana zaidi jioni, wakati wa kupika.

Mzingo wa mkono rudieni kila wiki, mkono ule ule, mahali palepale. Tunaweka alama kwa kalamu ya wino kwenye ngozi, maana wa Jumatatu na wa Jumatatu inayofuata si nesi yule yule.